Baiskeli ya matoke na tela la kayaki

Tazama baiskeli za matoke zinazoingia Mbale kutoka upande wa Wanale. Mikungu imepangwa hadi mwenye baiskeli haonekani, lakini mzoefu haweki mkungu mzito kwenye ncha ya kerea. Anajua gurudumu la mbele litakuwa jepesi na usukani utaacha kumtii. Mtu anayetaka kuvuta boti dogo kwa gari la saluni hadi Jinja angeanza somo lake hapo, kabla ya kwenda kwa fundi.

Safari zenyewe zipo. Bwawa la Bujagali, karibu na Jinja, lilipojaa maji mwaka 2011, maporomoko yaliyolipa bwawa jina yalizama. Palipokuwa na povu sasa pana maji tulivu ya kupigia kasia. Kutoka Mbale ni kilomita 150 hivi, kupitia Tirinyi na Iganga.

Saluni nyingi za Kijapani barabarani kwetu zilikuja bila chuma cha kuvutia tela, kwa hiyo mwenye gari huuliza swali moja tu: kinavuta kilo ngapi? Vyuma vya daraja dogo kabisa la Kimarekani huandikwa kilo 907 za tela na kilo 91 za kukandamiza tufe, lile bonge la chuma ambalo kikombe cha tela hulikalia. Namba ya kwanza inavutia macho. Mimi ningeanza na ya pili.

Chukua Toyota Premio. Kati ya ekseli zake mbili pana mita 2.7, na tufe hukaa mita 1 hivi nyuma ya ekseli ya nyuma. Tela la kilo 350 likipangwa vizuri hukandamiza tufe kwa takriban asilimia 10, yaani kilo 35. Lakini gari ni wenzo, na ekseli ya nyuma ndiyo egemeo: magurudumu ya nyuma yanaongezewa kilo 48, na ya mbele yanapunguziwa 13. Premio nyingi huvutwa na magurudumu hayo hayo ya mbele. Kwenye tambarare za mpunga hutahisi kitu. Utahisi siku ya kupandisha boti kutoka majini, kwenye ukingo uliolowa, tairi za mbele zikizunguka bure.

Basi sogeza mzigo nyuma, tufe lipumzike? Hapo ndipo hatari inapozidi. Uzito ukienda nyuma ya ekseli ya tela, tela huanza kutikisa mkia. Kwenye mwendo mdogo mtikisiko hufa wenyewe. Ukipita mwendo fulani, kila mtikisiko huzaa mwingine mkubwa zaidi. Upepo wa lori la miwa karibu na Kakira unatosha kuuanzisha. Ukianza, ondoa mguu kwenye mafuta na ushike usukani unyooke. Usijaribu kulikimbia tela.

Chuma chenyewe kifungwe wapi? Saluni haina fremu kama lori. Bodi yake ni bati lililokunjwa na kuunganishwa, na bampa ni plastiki. Chuma kikamate kwa bolti mihimili miwili iliyo chini ya buti, na bamba la kutawanya nguvu liwekwe kwa ndani. Fundi akisema atakichomelea kwenye bati jembamba, mshukuru, uondoke. Moto hudhoofisha bati pembeni mwa kiungo, na matuta ya barabarani hulikunja mahali palepale mpaka lipasuke.

Halafu pima tufe. Lipo la milimita 50, na lipo la inchi moja na sehemu saba za nane, ambalo ni milimita 47.6. Kwa macho ni pacha. Kikombe cha lile kubwa hukaa vizuri juu ya dogo, mpaka tuta la kwanza.

Na kilo 35 hizo zinajulikanaje? Kwa mzani wa kupimia watu. Weka gogo juu yake lifikie kimo cha tufe, laza shingo ya tela hapo, tela likiwa limepakiwa na magurudumu yake yamezuiwa kwa mawe. Kama mzigo wako ni kayaki mbili tu, za kilo 20 hivi kila moja, rudisha mzani ndani na uzifunge juu ya paa.