Mutoto anatema kinini: tufanye nini?

Kila mama wa huku kwetu Kolwezi anajua ile saa. Ni usiku, umeme umekatika, mutoto iko na joto kama mbabula. Munganga alisha kupima damu, alisema ni malaria, kinini iko mukononi. Na mutoto anafunga meno.

Basi tunafanya namna mama zetu walifanya. Mumoja anashika mikono, mwingine miguu, wa tatu anafunga pua mupaka kinywa kifunguke. Mimi mwenyewe nilishikwa hivyo, na nilishika wadogo zangu hivyo, nikafikiri njo njia. Mupaka siku ile mutoto wa dada yangu, wa miaka 2, alivuta pumzi katikati ya kulia na kinini ikaenda upande wa mapafu. Alinyamaza kabisa. Ile kunyamaza njo inatisha kuliko kulia. Tulimwinamisha, tukamupiga mugongoni kati ya mabega, ikatoka. Hakufa. Lakini hata leo dada yangu akiona mutu anafunga mutoto pua, anasimama.

Kwingine hawakupata bahati hiyo. Mwaka 2007, kule Ethiopia, watoto wadogo walikufa kwa kunyongwa na kinini ya minyoo, ile ile kubwa ya albendazole yenye tunapewa hapa kwetu. Tangu hapo OMS inasema wazi: mutoto mwenye hajafikia miaka 3, kinini ya minyoo isagwe, ichanganywe na maji. Na mutoto mwenye analia ao anapigana asilazimishwe kamwe. Ungoje atulie, hata kama ni dakika kumi.

Sasa, atatuliaje? Umukalishe wima juu ya mapaja yako, si kulala mugongo. Usage kinini katikati ya vijiko viwili, utie maji kidogo ya sukari ao ndizi yenye kupondwa, kiasi cha kijiko kimoja tu. Hapa wengi wanakosea: wanatia dawa mu sahani nzima ya uji. Mutoto anakula nusu, anakataa, na hakuna mutu anajua alimeza dawa ngapi. Asali inasaidia pia, lakini si kwa mutoto mwenye hajatimiza mwaka 1, ni hatari kwake. Na mbele ya kusaga, uliza munganga ao mutu wa farmasi, juu kuko kinini zenye hazisagwi: zile za ngozi ngumu ya kuteleza, na nyingi za kapsule.

Kwa malaria, Coartem iko na ile ya watoto yenye kuyeyuka mu maji, iko na utamu kidogo. Omba hiyo. Inapenda mafuta: mupe na maziwa ao uji wa karanga, mwili unaipokea vizuri zaidi. Akitapika mbele saa moja haijapita, inabidi arudilie ile kipimo. Kwa hiyo kinini zitapunguka, rudi ku kituo cha afya wakuongezee, usiseme «itatosha tu». Akitapika kila mara, ao akishindwa kunywa, ao akishikwa na degedege, ao akilala bila kuamuka vizuri, acha mambo ya vijiko. Peleka mbio ku hospitali, wamutie sindano ya artesunate. Hata kama ni saa nane za usiku.

Jambo lingine linaniudhi: kuita kinini «bombo». Ninaelewa, mutu amechoka, anataka mutoto ameze tu alale. Lakini mutoto anaamini. Siku moja utaacha boite juu ya meza na atakula «bombo» zote. Na kama hajala zote, ulimi wake umesha kujua kama ulimudanganya, kesho hatafungua kinywa hata kwa maji. Mwambie: ni dawa, iko na uchungu, ni mara moja, kisha utakunywa maji. Watoto wanavumilia kweli kuliko tunavyofikiri.

Imbwa njo ya kudanganya. Ile yetu ya nyumbani, nikificha dawa ya minyoo mu bonge la bukari, ilikuwa inakula bukari na kuacha dawa chini, safi kabisa. Munganga wa nyama alinifundisha: mabonge matatu. La kwanza bila dawa, la pili na dawa, la tatu unalionyesha palepale. Inameza la pili mbio juu inaona la tatu. Paka, kwa kweli, sijui la kusema. Kila mara paka anashinda.

Lakini wenye shida zaidi mu nyumba zetu si watoto wala imbwa. Ni wapapa. Mutu anashuka metre kumi na zaidi mu shimo bila kuogopa, kisha kinini ine za Coartem zinamushinda. Mukubwa anameza 4 kwa mara moja, mara 6 mu siku 3, jumla 24. Siku ya pili joto linashuka, anasema «nimepona», anaweka zenye kubaki kwa mugonjwa mwingine. Malaria inarudi, na mugonjwa mwingine anapewa nusu ya dawa.

Na kifua kikuu ni mbaya zaidi. Vumbi la mawe linaharibu mapafu na kufungulia ugonjwa ule mulango, kwa hiyo wachimbaji wanaupata kuliko watu wengine. Dawa ni ya miezi 6, kinini kubwa tatu ao ine kila siku, na mukojo unakuwa mwekundu kama Fanta. Ile si damu, ni rangi ya dawa tu, lakini wengi wanaogopa na kuacha. Ukiacha katikati, ugonjwa unaweza kuzoea dawa, na kisha kuuponyesha ni kazi ndefu sana.

Mujomba wangu alifanya kazi chini miaka mingi. Alipopata kifua, alikuwa anaficha kinini chini ya ulimi, kisha anaenda kutema nyuma ya mupapai. Bibi yake alizikuta siku ya kufagia. Tulimukasirikia sana, mupaka akasema polepole: «Hapana bukaidi. Inanishikaka hapa mu koo, naogopa kufa mbele ya batoto.»

Hakuna mutu aliyekuwa amemuuliza.

Kwa shida hiyo kuko njia, waganga wa Heidelberg, Ujerumani, waliijaribu na kuitangaza mwaka 2014. Weka kinini juu ya ulimi. Shika chupa laini ya plastiki yenye maji, funga midomo juu yake bila kuacha hewa iingie, uvute maji kwa nguvu mupaka chupa ijikunje, umeze palepale. Kati ya watu 10, karibu 6 iliwasaidia. Kwa kapsule ni kinyume cha yenye tunafanya: usitupe kichwa nyuma, inamisha kidevu kifuani, juu kapsule inaelea. Hiyo ilisaidia karibu 9 kwa 10. Ya chupa ni kwa wakubwa, si kwa watoto wadogo.

Mujomba alianza na chupa ya maji ya mezani. Kila asubuhi binti yake wa miaka 8 alisimama mbele yake kama polisi:

«Papa, funguaka kinywa, nione chini ya lulimi.»

Naye anafungua.