Kivu Kusini: Unga mwingi unaua watoto wa sungura, majani yanawaokoa

Katika parseli nyingi za Bukavu, na vijijini Kabare na Walungu, sungura ni akiba ya jamaa. Wakiuzwa, pesa zinalipa shule ya watoto ao dawa. Na watu wakikimbia vita, sungura wanabebeka. Ng'ombe si rahisi hivyo.

Lakini mfugaji anaweza kupoteza kizazi kizima kwa siku chache. Hatari kubwa inakuja baada ya kuachishwa kunyonya, kati ya umri wa majuma 4 na 10. Mtoto aliyekuwa akirukaruka jioni anakutwa asubuhi amejikunja, tumbo limevimba, anahara. Wengine wanasema ni sumu ya jirani. Mara nyingi kosa liko kwenye chakula.

Nyuzinyuzi zinasukuma chakula

Majani yana nyuzinyuzi, zile sehemu ngumu ambazo sungura hawezi kusaga zote. Ndizo zinazofanya chakula kitembee tumboni bila kusimama. Mtoto aliyetoka kwenye maziwa hajazoea wanga mwingi. Akipewa unga wa mahindi, ugali uliobaki ao maganda ya muhogo kwa wingi, sehemu isiyosagwa inafika kwenye utumbo mkubwa na kukaa mule. Vijidudu vibaya vinazaana, na kuhara kunaanza.

Huko Ufaransa, watafiti wa taasisi ya INRA, Toulouse, walichunguza jambo hili miaka mingi. Walionyesha kwamba nyuzinyuzi zikipunguzwa na wanga ukaongezwa, watoto wengi zaidi wanaugua na kufa.

Zikizidi, hawanenepi

Hata hivyo, majani makavu matupu hayatoshi. Nyuzinyuzi zikizidi, chakula kinakosa nguvu: mtoto anakula sana, anaishi, lakini anachelewa kufikia kilo 2 za kuuzwa. Majani yawe msingi wa chakula, na pumba ziongezwe kidogo tu.

La kufanya

Kuanzia majuma 3, watoto wanaonja chakula cha mama yao. Hapo ndipo wapewe majani makavu, ili wazoee kabla ya kuachishwa. Matete na majani ya viazi vitamu yaachwe yanyauke kivulini kwanza. Yenye umande yasitolewe. Chakula kipya kiingizwe polepole, kwa muda wa juma moja hivi. Maji safi yasikosekane.

Ukiona sungura anakula vinyesi laini kutoka nyuma yake, usimzuie. Ni desturi yake, na humo anapata protini na vitamini.

Kila asubuhi, angalia chini ya kizimba. Vinyesi vya mviringo, vikavu na vingi vinaonyesha kwamba tumbo linafanya kazi. Vikiwa vidogo, vichache ao vya majimaji, ondoa unga siku hiyohiyo, acha majani makavu na maji, tenga mgonjwa na mwite muganga wa mifugo.