Unafungua Kinyozi Uthiru? Jua Fundi Gani wa Kupigia Kwanza
Kama ulikwama kwa jam ya Uthiru wakati Waiyaki Way inapanuliwa, unajua vile kazi moja hushikilia zingine. Hiyo mradi ya James Gichuru hadi Rironi ilianza 2017, na lami haingemwagwa kabla nguzo za stima na mapaipu ya maji zitolewe.

Kinyozi yako ni hivyo hivyo, msee. Ingia kwa kompyuta, hata ya saiba, upakue GanttProject. Ni ya bure. Andika kila kazi, inachukua siku ngapi, na inangoja gani. Diposi ya nyumba, siku 1. Waya za stima, 3. Plasta na rangi, 5, lakini zinangoja waya, juu nani anataka kupasua ukuta mpya? Bango la nje, 4, linangoja diposi pekee.

Programu inakuchorea mistari: diposi, waya, rangi, jumla siku 9. Fundi wa stima akikuchenga siku 2, unafungua siku ya 11 na rent inahesabika. Mchoraji wa bango akikuchenga? Huyo ako na siku 4 za kuzubaa. Kila jioni angalia kazi imefika wapi, na ikichelewa ongeza siku zake kwa programu, mistari ya zile zinaingoja ijisongeshe. Asubuhi, simu ya kwanza ni ya mtu wa stima.