Maji Kwanza, Samaki Baadaye: Ufugaji wa Gapi Nyumbani Katika Kata ya Qurus

Samaki wadogo wa mapambo waitwao gapi wanaponunuliwa Arusha hutiwa katika mifuko ya plastiki yenye maji, kisha husafirishwa takribani kilomita 140 hadi Karatu, wakipandishwa ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu. Safari hiyo wengi huimudu. Vifo huanza baadaye, siku chache baada ya samaki kutiwa katika tangi jipya sebuleni, na mtoto aliyeletewa zawadi hiyo huambiwa kuwa samaki walitoka dukani wakiwa wagonjwa. Pengine ni kweli. Lakini katika tangi jipya, wa kwanza kushukiwa ni maji yenyewe.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi, na chakula kilichobaki kinapooza huongeza amonia hiyo. Ni sumu isiyoonekana: maji yanaweza kuwa angavu kabisa ilhali samaki wanahema juu juu, mapezi wameyabana, matamvua yamewaiva kwa wekundu. Katika tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi kwenye sponji ya kichujio na kwenye changarawe hugeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza kuwa naitreti, ambayo samaki huistahimili ikiwa kwa kiasi kidogo. Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Huchukua takribani wiki nne hadi sita kujijenga, na ndiyo maana anayenunua tangi na samaki siku moja huwa amejitafutia hasara.

Njia iliyo salama ni kulijaza tangi, kuwasha kichujio na kutia chembe chache za chakula kila siku bila samaki yeyote, ili bakteria wapate cha kula. Mwenye jirani anayefuga samaki wenye afya anaweza kuomba kipande cha sponji iliyokwishatumika. Hicho hufupisha kungoja. Baadaye waingizwe samaki wawili au watatu, si kumi.

Wilaya ya Karatu si ngeni katika habari za vichujio. Dkt. Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali, alitunukiwa mwaka 2015 tuzo ya ubunifu wa kihandisi barani Afrika itolewayo na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa kichujio chake cha maji ya kunywa. Kichujio cha tangi la samaki, hata hivyo, hakifanyi maji yanyweke. Ni makao ya bakteria. Anayeiosha sponji kwa sabuni chini ya bomba anadhani anafanya usafi, kumbe anawaua waliokuwa wakiwalinda samaki wake. Ikamuliwe tu ndani ya ndoo yenye maji yaliyotolewa tangini.

Kila wiki itolewe robo ya maji na kurudishiwa mengine. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaachwe kwenye ndoo wazi kwa saa 24, ili klorini itoke na maji yapate joto la nyumba. Gapi hupenda maji yenye madini kiasi, kwa hiyo maji ya kisima kirefu kwa kawaida hayawasumbui. Lisilofaa ni magadi. Wapo wanaodhani kuwa yatafanya kazi ya chumvi, lakini magadi hupandisha ukali wa maji, na katika maji ya namna hiyo amonia ileile huwa sumu zaidi.

Tatizo la pili ni baridi. Asili ya gapi ni Trinidad na kaskazini mwa Amerika ya Kusini, na joto linalowafaa ni nyuzi 22 hadi 28 za Selisiasi. Usiku wa Juni na Julai katika nyanda hizi hushuka chini ya hapo. Samaki waliopozwa hudhoofika, na ndipo hutokea madoa meupe mithili ya chembe za chumvi mwilini, ugonjwa unaoambukiza tangi zima. Kifaa cha kupasha maji ndicho suluhisho bora. Penye umeme wa kukatikakatika, tangi kubwa la lita 40 au zaidi hupoa polepole kuliko bakuli, na blanketi lililozungushwa pande tatu usiku husaidia. Tangi lisiwekwe karibu na dirisha wala kwenye moshi wa jikoni.

Chakula kiwe kile kinachoisha ndani ya dakika mbili. Makombo ya ugali na mkate huchafua maji haraka.

Tangi likishatulia, hapo linakuja tatizo la neema. Gapi huzaa watoto walio hai takribani kila mwezi, mara nyingi makumi kwa mkupuo, na jike huweza kuhifadhi mbegu za dume na kuendelea kuzaa kwa miezi bila kuwa naye tena. Asiyetaka wingi huo afuge madume pekee.

Waliozidi wapewe jirani, shule au muuzaji. Wasimwagwe kamwe kwenye kijito, lambo au mfereji. Jike mmoja mwenye mimba anatosha kuanzisha kizazi kizima. Maji ya wilaya hii huelekea mabonde ya Manyara na Eyasi, ambako huishi perege wa maji ya chumvi, Oreochromis amphimelas, asiyepatikana nje ya Tanzania. Yaliyotokea Ziwa Victoria baada ya sangara kupandikizwa katika miaka ya 1950, ambapo aina nyingi za furu zilitoweka, yanajulikana. Mwenye samaki asiojua pa kuwapeleka awasiliane na afisa ugani wa kata, au afike Divisheni ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi katika ofisi za Halmashauri mjini Karatu.