Je, Wajua? Puto Linalofungua Mshipa wa Kifuani

Je, wajua kwamba mkono wa mgonjwa wa dayalisisi (kusafishwa damu kwa mashine) ukivimba, tatizo linaweza kuwa kifuani? Damu yote ya mkono hurudi moyoni kupitia mshipa mkubwa wa kati. Mshipa huo ukisinyaa, damu hukwama: pete haivuki kidole, mishipa hujichora begani, na tundu la sindano huendelea kuvuja muda mrefu baada ya mashine kuzimwa.

Wajua kinachousinyaza? Mara nyingi ni mpira (katheta) unaopitisha damu kwenda kwenye mashine ya dayalisisi. Ukipitishwa chini ya mtulinga, husugua ukuta wa mshipa hadi ukaota kovu. Ndiyo maana wataalamu wa figo huanza na shingo, upande wa kulia, na huepuka kabisa chini ya mtulinga wakiweza. Ndugu wa mgonjwa, ulizeni mpira unawekwa wapi kabla ganzi haijachomwa! Ni haki yenu.

Swali hilo ni zito zaidi kwa mtu wa Fizi, Kivu Kusini, nchini Kongo. Dayalisisi huhitaji kama saa 4, mara 3 kwa wiki. Kutoka Baraka, mji wa Fizi, hadi Uvira ni takriban kilomita 90, na Bukavu iko mbele zaidi. Anayefuata mashine huko hana budi kuhama. Akifika amechelewa, mwili umejaa maji, atawekewa mpira siku hiyohiyo, kwa sababu fistula ya mkononi, yaani ateri iliyounganishwa na vena, huchukua wiki kadhaa kukomaa. (Si ile fistula ya uzazi inayotibiwa Hospitali ya Panzi, Bukavu.)

Mshipa uliosinyaa hupanuliwa kwa puto. Wajua puto hilo halijazwi hewa? Hujazwa maji yenye dawa inayoonekana kwenye eksirei, kwa shinikizo lililo mara kadhaa ya lile la tairi la gari. Mara nyingi mgonjwa huwa macho, amepigwa ganzi tu. Lakini kovu ni kaidi: mshipa huweza kusinyaa tena ndani ya miezi michache, puto lirudiwe, au iwekwe stenti, yaani kibomba cha wavu kinachoushikilia wazi.

Njia hii si mpya: daktari Charles Dotter alipanua ateri ya mguu kwa katheta huko Portland, Marekani, mwaka 1964. Miaka ya 1970, daktari Andreas Grüntzig aliunda maputo yake jikoni kwake, Zurich.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza mwaka 2018 kujenga mafunzo ya madaktari wanaotibu kwa kufuata picha za eksirei na ultrasaundi. Ujuzi huo ndio unaotumika kupitisha puto.

Wajua kipindupindu, kinachorudi kila mara Baraka na Uvira, huweza kuzimisha figo kwa kukausha mwili, hata mtu akahitaji mashine hiyo? Maji ya chumvichumvi (ORS) yakinywewa mapema huweza kuziokoa.

Na mwenye figo zinazodhoofu, hata kama hajafika kwenye mashine, atolewe damu mgongoni mwa kiganja, si kwenye kigasha: mishipa ya kigasha ndiyo inayoweza kutengenezewa fistula.