Mfumo wa kurudisha moshi kwenye injini

Mfumo wa kurudisha moshi kwenye injini (mafundi huuita kwa kifupi EGR) ni sehemu ya injini ya gari inayochukua kiasi cha moshi unaotoka kwenye silinda na kuurudisha upande wa kuingizia hewa, ili uingie tena kwenye silinda pamoja na hewa safi. Lengo lake ni kupunguza oksidi za nitrojeni, ambazo ni gesi za sumu zinazodhuru mapafu.

Sababu ya kuwepo kwake

Takriban asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni. Kwa kawaida gesi hiyo haiungani kwa urahisi na oksijeni, lakini joto kali ndani ya silinda huzifanya ziungane. Moshi uliokwisha kuungua una oksijeni kidogo, na una dioksidi ya kaboni na mvuke wa maji, ambavyo hufyonza joto bila kuungua. Ukichanganywa na hewa mpya, kilele cha joto hushuka na oksidi za nitrojeni hupungua. Ni kama jiko la mkaa: likipunguziwa hewa, ukali wa moto hupungua.

Historia

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu wa moshi uliousumbua mji wa Los Angeles hutokea pale mwanga wa jua unapoathiri oksidi za nitrojeni pamoja na mvuke wa mafuta ya magari. Marekani ilipitisha Sheria ya Hewa Safi mwaka 1970, na katika miaka iliyofuata mfumo huu ukaenea katika magari ya petroli nchini humo. Baadaye ulienea pia katika injini za dizeli.

Sehemu na utendaji

Sehemu kuu ni vali, ambayo hufunguka na kufunga njia ya moshi. Katika magari ya zamani vali iliendeshwa kwa mvuto wa hewa. Katika magari ya sasa huendeshwa kwa umeme na kuongozwa na kompyuta ya injini. Injini nyingi za dizeli zina pia kipoza moshi, kinachotumia maji ya rejeta. Vali hufungwa dereva anapohitaji nguvu zote za injini. Katika injini za petroli hufungwa pia gari likiwa limesimama huku injini inanguruma.

Dalili za kuziba

Masizi huchanganyika na mvuke wa oili na kuwa utando mweusi unaonata. Safari fupi fupi, ambazo injini haipati joto la kutosha, huongeza tatizo hilo.
* Vali ikikwama wazi, injini hutetemeka au kuzimika gari linaposimama, na injini ya dizeli hutoa moshi mweusi.
* Vali ikikwama imefungwa, oksidi za nitrojeni huongezeka, na injini ya petroli inaweza kugonga.
* Taa ya injini huweza kuwaka. Namba ya hitilafu P0401 huonyesha kwamba moshi unaorudi hautoshi.

Kusafisha

# Injini huachwa ipoe kabisa, kisha waya hasi wa betri hutolewa.
# Plagi ya umeme na bolti hufunguliwa, vali ikatolewa. Kama inapozwa kwa maji, maji hayo hukingwa kwanza.
# Masizi hukwanguliwa kwa brashi na kulainishwa kwa dawa ya kusafishia vali hizo au kabureta. Sehemu yenye mota ya umeme hailowekwi.
# Njia za moshi husafishwa pia, kwa uangalifu ili vipande vya masizi visiangukie ndani ya injini.
# Vali hurudishwa na gasketi mpya, na namba ya hitilafu hufutwa kwa mashine ya kupimia.

Kazi hii hufanyika mahali penye hewa na mbali na moto, kwa kuvaa glavu na miwani, kwa sababu dawa hizo hushika moto upesi. Vali iliyoharibika mota yake haiponi kwa kusafishwa, hubadilishwa.

Kipoza moshi kikivuja, maji ya rejeta hupungua bila uvujaji kuonekana nje. Mwaka 2018 kampuni ya BMW iliita zaidi ya magari 100,000 nchini Korea Kusini ili yarekebishwe, baada ya hitilafu ya vipoza hivyo kuhusishwa na kuungua kwa magari.

Kuziba mfumo kwa makusudi

Wapo wenye magari wanaoziba njia ya moshi kwa kipande cha bati ili kukwepa gharama ya usafishaji. Masizi hupungua kweli, na dereva huweza kuona gari limekuwa jepesi. Hata hivyo oksidi za nitrojeni huongezeka, na kwa kuwa nyingi hazionekani kwa macho, gari huonekana safi. Anayezivuta ni mtembea kwa miguu, mchuuzi wa kando ya barabara na mtoto mwenye pumu. Kwa sababu hiyo nchi nyingi zimekataza kuondoa mfumo huu kwenye magari yanayotumia barabara za umma.

Tazama pia
* Injini ya dizeli
* Uchafuzi wa hewa