Kuku Wamepunguza Kutaga? Soma Yai Kabla ya Kununua Dawa

Leo tuongelee jambo linalokula mitaji ya vijana wengi hapa Kigoma kimyakimya: kuku wanakula kama kawaida, lakini mayai yanapungua.

Piga hesabu kidogo. Una matetea 100. Wiki iliyopita uliokota mayai 80 kwa siku, leo unaokota 50. Umepoteza mayai 30, yaani trei nzima, kila siku. Kwa mwezi ni trei 30, na chakula umenunua kilekile. Ndiyo maana wengi wakiona hivyo wanakimbilia duka la dawa za mifugo kuomba "dawa ya kuongeza mayai". Mara nyingi wanachoondoka nacho ni antibayotiki iliyochanganywa na vitamini. Sasa kama tatizo ni chokaa, maji au mwanga, antibayotiki haitaliondoa. Hela imekwenda, na masalia ya dawa yanaweza kuingia kwenye mayai ambayo jirani anampikia mtoto wake.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, soma vitu vitatu: kuku, yai na banda.

Nani anataga, nani amepumzika?

Kamata kuku jioni wakishatulia. Angalia tundu la kutagia. La kuku anayetaga ni pana, lina unyevu na limepauka. La asiyetaga ni dogo, kavu, limejikunja. Halafu pima kwa vidole kati ya mifupa miwili ya nyonga iliyo pembeni ya tundu hilo. Vidole viwili au vitatu vikipita, anataga. Kimoja kikipita kwa shida, hatagi. Kilemba cha mtagaji nacho huwa chekundu na kimejaa.

Asiyetaga si lazima awe mgonjwa. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 kisha anaatamia, ndivyo alivyoumbwa. Ukitaka aache kuatamia, mtoe kwenye kiota, mweke siku tatu hadi tano kwenye tundu lenye sakafu ya waya, mwanga na hewa, akiwa na chakula na maji. Kuku anayenyonyoka manyoya naye anaweza kusimama kutaga miezi miwili hadi mitatu, kwa sababu protini yote inakwenda kwenye manyoya mapya. Huyo mlishe vizuri, usimchinje kwa hasira.

Yai linasema nini

Yai moja huchukua saa 24 hadi 26 kutengenezwa, na kati ya hizo kama saa 20 ni za ganda peke yake, sehemu kubwa usiku. Ganda moja linahitaji kama gramu 2 za kalsiamu. Chakula kisipotosha, kuku anachota kwenye mifupa yake mwenyewe. Ukiona ganda laini, jembamba au yai lisilo na ganda kabisa, mshuku kwanza ukosefu wa kalsiamu.

Kosa ninalolikuta sana ni kijana kuendelea kuwapa matetea chakula cha kukuzia kwa sababu ni cha bei ndogo. Chakula hicho kina kalsiamu kama asilimia 1 tu. Mtagaji anahitaji asilimia 3.5 hadi 4, na protini asilimia 16 hadi 18. Weka chokaa ya mifugo kwenye chombo chake pembeni, kuku ajichukulie mwenyewe, hasa jioni. Maganda ya mayai pia yanafaa, ila yachemshe, yakaushe na uyasage kabisa, yasifanane na yai, la sivyo utawafundisha kula mayai. Na tafadhali, chokaa ya kupaka nyumba si chakula, inaunguza.

Yai lenye ganda la mikunjo na ute mwepesi kama maji, huku kuku wanakoroma au kupiga chafya, ni habari nyingine. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa njia ya hewa, na hapo unahitaji mtaalamu.

Dagaa wetu na mipaka yake

Sisi tunaokaa karibu na mialo ya Kibirizi na Katonga tuna bahati, dagaa wako mlangoni. Lakini dagaa ni protini. Ana mifupa, ndiyo, ila kwa kiasi unachochanganya haitoshi kutengeneza ganda. Asizidi kilo 10 kwenye kila kilo 100 za chakula, maana akizidi mayai yananuka samaki na wateja wanakimbia. Chagua dagaa wakavu, wasio na ukungu wala mchanga. Wenye chumvi nyingi waache, kuku watakunywa maji kupita kiasi na kuharisha.

Kuna jambo la kupangia mapema. Mwaka 2024 uvuvi ulipumzishwa katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Ziwa likifungwa dagaa wanaadimika, bei inapanda, na mfugaji anaamka asubuhi moja anawaondoa kabisa kwenye chakula na kuacha pumba tupu. Wiki haiishi, mayai yameshuka. Hapo hakuna ugonjwa, ni njaa ya protini. Weka akiba kavu kabla ya kufungwa, au badilisha taratibu kwa siku 7 hadi 10 kwa kuongeza soya iliyokaangwa na mashudu ya alizeti. Mashudu ya mise yanapatikana kwetu kwa sababu ya michikichi, lakini yana nyuzi nyingi, yatumie kwa kiasi tu.

Maji, joto na mwanga

Tetea mmoja anakunywa kama robo lita ya maji kwa siku, na kukiwa na joto anakunywa zaidi. Ndoo ikikauka mchana mmoja tu, mayai yanaweza kushuka kwa siku kadhaa. Joto la chini ya bati nalo ni adui. Kuku anayehema kwa mdomo wazi hali vizuri, na ganda linakuwa jembamba. Acha hewa ipite, panda kivuli, weka maji ya baridi mchana.

Mtagaji wa kibiashara anataka mwanga wa saa 14 hadi 16. Hapa Kigoma mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, na jua letu linachelewa, linachomoza karibu na saa moja asubuhi. Ukiwasha taa saa 11 alfajiri hadi kupambazuke, umepata saa 14. Hata balbu ya sola inatosha kwa banda dogo, mradi ratiba isibadilikebadilike. Ila usiwawashie vifaranga wakubwa ambao mwili haujakomaa, watataga mapema, mayai madogo, na wataumia.

Usiku huohuo pita na tochi. Futa kitambaa cheupe chini ya fito wanazolalia. Kikitoka na madoa mekundu, una utitiri unaonyonya damu wakati wewe umelala na kujificha kwenye nyufa mchana. Toa na uchome matandazo, mwagia nyufa maji yanayochemka, kisha tumia dawa ya utitiri iliyoandikwa kwa ajili ya kuku.

Yai limekwama

Huyu utamjua: amejitenga, mkia chini, amesimama wima kama mtu, anajikamua bila kutoa kitu. Usimkandamize tumbo, yai likivunjika ndani umempoteza. Mkalishe kwenye maji ya vuguvugu dakika 15 hadi 20, hadi usawa wa tumbo. Mpake mafuta safi ya kula kwenye tundu, mkaushe, mweke mahali penye giza, joto na utulivu, maji na chokaa karibu. Wengi hutaga ndani ya saa chache. Siku ikipita bila yai, mwite mtaalamu wa mifugo.

Ukiona nyama nyekundu imetokeza nje ya tundu, mtenge palepale, wenzake watamdonoa hadi afe. Nawa mikono, osha kwa maji safi, paka sukari iliyoloweshwa kidogo ili uvimbe upungue, kisha irudishe ndani taratibu. Ikijirudia mara ya pili au ya tatu, mtoe kwenye utagaji. Na kuku mwenye tumbo lililojaa maji, anayetembea miguu ikiwa imepanuka, mara nyingi yai limemwagikia ndani. Huyo hapati nafuu ya maana, usimalizie mtaji kwake.

Hapa usisubiri

Mayai yakishuka ghafla kwa kundi zima, kukiwa na kinyesi cha kijani, shingo kupinda au vifo, mshuku kideri. Hakina dawa. Tenga, usiuze kuku, usiwapeleke mnadani, toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata. Kinga ni chanjo ya I-2, tone moja la jicho, unarudia kila baada ya miezi mitatu. Chanja wenye afya, siyo kundi lililokwisha kuugua.

Mtaalamu akikuandikia antibayotiki, muulize kuku wangapi watapewa, siku ngapi, na mayai yasiuzwe hadi lini. Fuata maandishi ya kwenye pakiti.

Jioni ya leo nunua daftari la kurasa chache. Kila siku andika idadi ya mayai, yenye ganda bovu, kilo za chakula, lita za maji, na chochote ulichobadilisha. Mayai yakishuka, rudi nyuma siku 10 usome. Ukinipigia simu, nitakachouliza kwanza ni daftari hilo.